Siku moja lupangoni Katuba: taa za Papa na tanuri la mke wangu

Saa kumi na mbili asubuhi. Mvua imenyesha usiku kucha. Kabla ya kunawa uso natoka nje kuchungulia taa za motokari yangu mwenyewe, zile nilizozifungua na kuzifunga wiki iliyopita. Natafuta ukungu ndani ya kioo. Hakuna. Basi naweza kunywa chai.

Kwa wasionijua: natengeneza na kupamba taa za magari nyumbani, kwenye lupango, yaani ua wetu, hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Sina karakana. Nina mwembe, meza moja, betri kuukuu, na tanuri la bati ambalo si langu. Mke wangu huoka mikate humo alfajiri, akimaliza ndipo zamu yangu inapofika. Mapatano yetu ni mafupi: nikiacha harufu ya plastiki ndani, mikate ya kesho nainunua yote mimi. Nimeshainunua mara mbili.

Saa moja na nusu. Mteja anafika na Toyota ya usukani wa kulia. Ni mtu mzima, ndiyo maana namwita Papa, yaani baba; hufanya biashara kati ya hapa na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mara nyingi hurudi au huenda usiku. Anataka pete za mwanga, macho ya malaika kama vijana wanavyoziita, tena za bluu. Mkononi ana boksi la balbu za LED alizonunua sokoni.

"Papa, taa zenyewe zinakusumbua?"

"Hata kidogo, mwanangu. Tena njia ile ina watu wa roho nzuri. Kila ninayepishana naye ananimulikia kunionya kwamba polisi wako mbele."

"Na polisi unawakuta?"

Akafikiri. "Mara nyingi siwakuti."

Nikamwomba asogeze gari hadi kwenye ukuta ulio kivulini, nikawasha taa za chini, zile za kupishana. Mstari wa mwanga ukajichora: umenyooka upande wa kulia, halafu kushoto unapanda kama kilima. Nikamwambia Papa, wale watu hawakuonyi. Wanakutukana.

Maelezo yake ni haya. Japani wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo taa yao imeundwa iinue mwanga kushoto, imulike ukingo wa njia na waenda kwa miguu. Sisi Kongo tunapita kulia. Kilima kile cha mwanga kinaangukia moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja. Zambia nao wanapita kushoto, kwa hiyo taa hizi hizi, ukivuka mpaka pale Kasumbalesa, zinakuwa halali kabisa. Ukirudi huku zinakuwa balaa. Na mji huu umejaa magari ya namna hii, halafu watu wananiletea kazi ya kuongeza mapambo juu yake. Sikatai mapambo, ndiyo yanayonilisha. Ila kwangu kilima kinaondoka kwanza.

Saa mbili. Naondoa waya hasi wa betri, kisha bampa, kisha taa. Balbu naishika kwa kitambaa: mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo cha balbu ya halojeni, ile ya uzi ndani, mahali pale panapata moto kuliko kwingine na balbu inakufa mapema. Natoa kila skrubu, kila klipu, kila kifuniko cha mpira nyuma. Skrubu moja ikisahaulika, kioo kinapasuka wakati wa kuvuta.

Saa tatu. Tanuri. Gundi inayoshikilia kioo cha taa nyingi za Kijapani ni butili, nyeusi, inanata kama utomvu wa fenesi, na inalegea kwenye joto la nyuzi 100 hivi. Wenye oveni ya umeme wanaweka nyuzi 100, dakika 10, wanakwenda zao. Mimi nina makala, yaani mkaa. Kwa hiyo nayatoa karibu yote, nabaki na joto la kuta, naweka kipimajoto ndani na kukikodolea macho mpaka kishuke. Chini natanguliza ubao, taa isiguse bati. Mara ya kwanza kabisa kufanya kazi hii sikuwa na kipimajoto wala ubao, nilikuwa na haraka. Taa ya gari langu ikatoka imejikunja kama chapati, nikaendesha mwezi mzima na jicho moja.

Leo dakika 9. Glavu, bisibisi bapa, navuta polepole kuanzia kona ya chini. Butili inatoa nyuzi ndefu. Nazisukuma zirudi kwenye mfereji wake, maana nitaihitaji jioni. Taa ya pili inafuata.

Vioo nampa mdogo wangu. Vimekuwa vya manjano, na si uchafu: ni plastiki ya polikaboneti ambayo ngozi yake ya kinga imeliwa na jua. Anasugua kwa msasa na maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000. Jirani amepita na kutushauri dawa ya meno. Dawa ya meno inang'arisha, ndiyo, na baada ya miezi michache unjano unarudi, kwa sababu kinga haijarudishwa. Sisi tunapuliza vanishi ya vijenzi viwili yenye kinga ya jua, tumevaa barakoa, nje, upepo ukiwa nyuma yetu. Moshi wa ile kitu si wa kuvuta.

Saa tano. Sasa kazi ninayoipenda. Ndani ya taa hii kuna lenzi nene ya duara, nyuma yake balbu na kiakisi kinachourudisha mwanga mbele, na katikati kimesimama kibati kidogo. Kibati hicho ndicho kinachokata mwanga na kuchora ule mstari ukutani. Ukikitazama utaona ukingo wake wa juu una ngazi: upande mmoja juu, upande mwingine umeshuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona mwanga unapanda kushoto, wanachukua tupa na kunoa kibati upande wa kushoto. Lakini lenzi inapindua picha yote, juu inakuwa chini, kushoto inakuwa kulia. Mwanga unapanda kushoto kwa sababu kibati kimeshuka kulia. Na dawa yake si kupunguza chuma, ni kuongeza. Nimekata kipande cha chuma kisichoshika kutu, chembamba kama ukucha, nikakifunga kwa skrubu mbili ndogo pale paliposhuka, mpaka ukingo mzima ukawa sawa. Sikutumia gundi. Joto la balbu lingeiangusha siku ya tatu. Papa atapoteza kile kimwanga cha ukingoni, mstari wake utakuwa bapa kote, lakini hatampofusha mtu. Kwa taa za mwanga wa chini peke yake, kama hizi, inatosha. Zile zisizo na lenzi, ambazo kiakisi chenyewe ndicho kinachochora mwanga, hazigeuziki; mwenye gari namwambia atafute taa za usukani wa kushoto.

Nikiwa ndani humo sigusi kiakisi. Alama ya kidole ikiingia pale haifutiki, ukifuta unaondoa na rangi ya fedha yenyewe.

Saa saba. Bukari (ugali), sombe (kisamvu), na umeme umekatika. Chuma changu cha lehemu kinakunywa volti 12, nakiunga kwenye ile betri kuukuu. Pete nimefunga nyeupe. Tulibishana kidogo kuhusu bluu. Nilimwambia Papa mwanga hupimwa rangi kwa kelvini: halojeni iko kama 3200, nyeupe kama 6000, ukipita 8000 unaingia kwenye bluu, na balbu unazozimulikia njia zikifika huko macho hayaoni tena mbali. Akajibu, sawasawa kabisa, kwamba pete ni urembo tu, haimuliki kitu. Sikuwa na jibu, nikasema bluu imeniishia. Kila pete ina kidhibiti chake cha umeme, kwa sababu gari likiwa linawaka linatoa volti 14 na zaidi, na LED za sokoni bila hicho zinakufa moja moja kama meno ya mzee.

Balbu zake za LED nimezirudisha kwenye boksi. Taa hii ilipimwa kwa uzi wa halojeni wa wati 55, ulio mahali pake kamili. Chanzo cha mwanga kikisogea hata kidogo, mstari unavurugika.

Saa kumi. Kufunga. Tanurini naingiza mwili wa taa peke yake, kioo kina vanishi changa. Butili ikilegea naongeza mkanda mpya kidogo, nabana kioo kwa vibanio, narudisha skrubu. Vitundu vya kupumulia nyuma naviacha wazi. Fundi anayeviziba kwa silikoni kwa kuogopa maji ndiye anayefuga ukungu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Giza linaingia. Ukuta wa jirani uko mita 10 kutoka langoni. Upepo wa matairi umepimwa, Papa amekaa kwenye usukani, maana uzito wake nao unashusha gari. Nachora kwa chaki urefu wa katikati ya taa, halafu mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Mwanga unatakiwa ukate hapo. Watoto wa lupango wote wamekuja kucheza vivuli, nimepima taa ya kushoto huku sungura wa mkono akipita katikati. Mstari umenyooka, kilima hakipo. Papa akawasha pete, akarudi nyuma kuzitazama, akanyamaza. Halafu akasema nyeupe nayo si mbaya. Bei siiandiki, mke wangu anasoma haya.

Saa moja na robo akaondoka na mzigo wake kwenda Kasumbalesa. Nikalisafisha tanuri kwa majivu na limau.

Saa tatu na nusu usiku simu ikalia.

"Fundi, mmoja amenimulikia!"

Moyo ukashuka. Nikaanza kuwaza kipi kimelegea, kile kibati au skrubu ya kupangia.

"Wangapi, Papa?"

"Huyo huyo mmoja, njia nzima. Na polisi walikuwa mbele kweli."