Punguza Kazi, Usipunguze Bei: Ukarabati wa Nyumba Kigoma Fedha Inapoadimika

Anayetaka kuishi kwa kazi ya kukarabati nyumba hapa Kigoma sharti aijue kalenda ya dagaa kabla hajaijua bei ya saruji. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika, na fedha hupungua kuanzia mialo ya Kibirizi na Katonga hadi madukani Mwanga, mjini Kigoma. Juu ya mzunguko huo, mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na sisi mafundi tuliionja miezi hiyo mitatu kana kwamba nasi tulikuwa na nyavu.

Katika hali kama hiyo mafundi wengi hukimbilia kushusha bei, jambo ambalo siliafiki hata kidogo. Fundi aliyeshusha bei ya kupiga lipu hana pa kufidia hasara yake isipokuwa ndani ya mchanganyiko: saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo nne inageuka kuwa moja kwa saba, na ukuta unaanza kumomonyoka mvua za msimu unaofuata zinapoanza. Saruji yenyewe haina huruma. Kigoma ndipo mwisho wa Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na gharama ya umbali wa namna hiyo humwangukia mnunuzi wa mfuko wa kilo 50. Kwa hiyo, mteja akisema hana fedha, mimi hupunguza ukubwa wa kazi na kuiacha bei ya kila kipande ilivyo.

Kupunguza kazi kuna utaratibu wake, na hapo ndipo ninapobishana na wateja. Hutangulia paa, hufuata njia za maji ya mvua, kisha msingi na kuta. Dari na rangi huja mwisho. Mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha Ujiji aliniambia, “Fundi, niwekee dari ya jipsamu sebuleni kwanza, wapangaji wa siku hizi ndiyo wanayoitazama.” Nikamjibu, “Mama, jipsamu ikinywa maji ya paa hili, itawaangukia wapangaji haohao.” Tulipopanda darini tulikuta misumari ya bati imelegea na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, zimeliwa na mchwa, kwa hiyo fedha ya jipsamu ikanunua mbao zilizowekwa dawa.

Ujiji ina nyumba nyingi za tofali mbichi, na hizo zinahitaji ushauri zaidi kuliko nguvu. Mwenye nyumba hutaka lipu ya saruji ili nyumba ifanane na ya jirani, lakini saruji ni ngumu na hairuhusu ukuta wa udongo kupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma yake, udongo hulainika, na lipu hubanduka vipande vizima. Lipu ya udongo na chokaa, paa lililotokeza nje ya ukuta vya kutosha na mkanda wa zege wenye mteremko kuzunguka nyumba hugharimu kidogo na hudumu. Kazi ya namna hii haipendezi pichani, lakini ndiyo inayoniletea wateja wapya, kwa sababu majirani huiona nyumba baada ya masika.

Kuna kazi nisizozipokea. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yaliingia katika nyumba za ufukweni, na baadhi ya wenyewe bado wanataka kupaka rangi na kurudi. Kuchukua fedha ya mtu kwa ukuta ambao maji yanaweza kuurudia ni kumla tu.

Kuhusu malipo, vifaa hununua mteja mwenyewe kwa orodha ninayomwandikia, nami hulipwa ufundi kwa hatua: paa likikamilika, analipia paa. Makadirio huandikwa daftarini na kutiwa saini na pande zote mbili. Mvuvi hupangiwa hatua zake giza linapomalizika, mwalimu au muuguzi mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba ya kupangisha pale wapangaji wanapolipa kodi ya miezi sita. Saidia fundi, kwa upande wake, hulipwa jioni ya siku aliyofanya kazi, awe mteja amelipa au hajalipa, kwa hiyo sehemu ya kila malipo huiweka kando kwa ajili yao. Nimeona biashara nyingi za ufundi zikifa kwa sababu ya advansi, yaani malipo ya awali, ya mteja wa Mwanga kutumika kumalizia kazi ya mteja wa Ujiji. Mteja wa pili anaposubiri, fundi hutafuta wa tatu, na hatimaye huzima simu na kuhamia Kasulu. Advansi ya mteja wangu haitoki nje ya nyumba yake, hata katika wiki ambayo sina kazi nyingine.