Mazoezi ya ngumi ndani ya msana: miwani ya VR katika nyumba ya mawe ya Lamu

Kitu cha kwanza ambacho miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayokufunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa bandia, hukuuliza ni ukubwa wa chumba chako. Kabla hujarusha ngumi hata moja inakutaka uchore mpaka sakafuni kwa rimoti, na michezo ya kutembeatembea hutaka nafasi tupu ya mita 2 kwa 2. Aliyeweka kipimo hicho hajalala nyumba ya mawe ya Lamu. Upana wa vyumba vyetu uliamuliwa na mikoko: boriti zinazobeba sakafu ya juu hazifiki mbali, kwa hiyo chumba cha kale utakuta upana wake ni mita 2 na nusu, au 3 kwa taabu, ilhali urefu unakwenda tu. Toa kitanda, toa kasha, toa cherehani na marobota ya vitambaa, halafu uniambie ngumi utairushia wapi.

Mimi ni mshoni wa mabuibui na madera, nakaa mtaa wa Langoni. Ni kazi ya kuinama: shingo mbele, mabega juu, miguu kwenye kanyagio, na Idi ikikaribia hata kuinuka kunywa maji unaona unapoteza wakati. Mabega yalikuwa yakiniuma mpaka kitandani. Ngazi za nyumba yetu nazo, na kila mwenye nyumba hapa anajua zilivyosimama wima, zilianza kunimaliza pumzi kabla sijafika juu.

Najua mtu atasema, kwani Shela, kwenye ufuo wa kufanyia mazoezi, imehama? Haijahama. Ni kama kilomita 3 kwa njia ya ufukweni, na jioni za Ijumaa huenda na shoga zangu tukijaaliwa. Lakini mteja hangoji maji yatoke, na maji yakijaa njia ile si njia. Kukimbia barabara ya ndani, kati ya punda na mikokoteni, nikiwa na buibui, na kila aliyekaa barazani anajua mimi ni binti wa nani, hilo sikulijaribu wala sina hamu nalo. Nilitaka kutokwa na jasho mahali ambapo hakuna wa kunitazama.

Miwani yenyewe ni Meta Quest 2, toleo la 2020. Kaka yangu aliye Dubai alijinunulia Quest 3 iliyotoka 2023, hii ya zamani akampa jamaa aliyekuwa akirudi. Ikashuka Mombasa, ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti ndani ya sanduku la nguo. Haitaki kompyuta wala televisheni, kwa sababu kompyuta yake imo humo humo usoni. Ndiyo maana ina uzito wa gramu 503, na shingo ya mshoni inazihesabu gramu zote.

Mahali pa kuichezea palinichukua muda kuliko mchezo wenyewe. Wazo la kwanza la kila mtu ni dari, yaani juu kabisa ya nyumba, chini ya makuti, kwenye upepo. Mimi nikalikataa. Ukivaa miwani hii huoni ulipo, na ukuta wa darini kwetu unafika kiunoni tu. Halafu kuna jua. Lenzi zake zikielekezwa juani hukusanya mwanga kama kioo cha kukuzia na kuunguza skrini iliyo nyuma yake, na haihitaji saa nzima, dakika chache zatosha. Kiwanda nacho, yaani ua wa ndani ya nyumba, kina jua mchana, na jirani ana dirisha linalokiangalia. Ikabaki msana wa yuu, ukumbi mwembamba wa upande wa ua: una paa, unapata hewa ya kiwandani, na ni mrefu. Viti vikaenda ndani, cherehani ikasukumwa pembeni.

Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nikikitafuta. Nyumba ya Lamu haina upana, ina urefu, basi tafuta zoezi la urefu. Ngumi huenda mbele. Nikisimama nimeupa uso upande mrefu wa msana, mbele yangu kuna nafasi ya kutosha na mikono yangu haigusi ukuta, kwa kuwa mwili wa mtu anayepiga ngumi ni mwembamba kuliko wa mtu anayecheza dansi. Tangu siku hiyo nikawa nachagua programu kwa umbo la chumba changu. Sifa za matangazo sikuzisikiliza tena.

Beat Saber, kwa mfano, kila mtu ataitaja. Imetengenezwa na Wacheki, ilitoka 2018, na ni nzuri kweli: vipande vinakujia kwa mdundo wa muziki nawe unavikata kwa panga mbili za mwanga. Tatizo ni kwamba panga hukata kulia na kushoto, na kushoto kwangu kuna ukuta wenye vidaka, yaani matundu ya kuwekea vyombo, na ndani ya vidaka kuna sahani za mama ambazo zimenitangulia kuzaliwa. Tena bila muziki haina maana, kwa hiyo Ramadhani naiweka kando kabisa.

The Thrill of the Fight ndiyo iliyonifaa. Ni ndondi tupu: ulingo, kengele, na mtu mbele yako anayetaka kukuangusha. Inakutaka usogee kidogo, lakini ukisimama mahali pamoja mpinzani hukufuata mwenyewe. Inapiga hesabu ya nguvu na kasi ya ngumi yako halisi, kwa hiyo ukirusha kivivu mpinzani hasikii kitu. Raundi ya kwanza nilidhani ni mchezo wa watoto. Ya pili nikatafuta pa kukaa. Siku ambazo sitaki kupigana na mtu natumia Les Mills Bodycombat, ya kampuni ya New Zealand, ambapo mwalimu anakuongoza kwa Kiingereza, unapiga shabaha zinazokujia na kuchuchumaa kukwepa vizuizi. Hata usipokijua Kiingereza utafuata, maana shabaha haina lugha.

Zote mbili nilizilipia mara moja tu. Ziko nyingine, kama FitXR, ambazo ni za malipo ya kila mwezi, nazo zina madarasa mapya kila mara. Sizilaumu. Ila pesa ya mshoni inakuja kwa misimu, na sikutaka deni linalonidai hata mwezi ambao hakuna aliyeleta kitambaa. Jambo la pili ni bando. Programu ikishapakuliwa, ndondi haiulizi tena intaneti. Nilipakua usiku kwa intaneti ya simu, nikalala, asubuhi ikawa tayari.

Kuhusu kichefuchefu, watu hutisha sana. Aliyewahi kukaa ndani ya mashua baharini siku ya kusi amekwisha kukifahamu, ila hapa mambo yamegeuzwa: macho yanaona unakwenda, sikio la ndani linasema umesimama, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Dawa yake ni kuchagua programu ambazo miguu yako ikisimama, picha nayo inasimama. Ndondi ni hivyo. Zile za kujisukuma kwa kidole kwenye rimoti, kuruka au kuendesha gari, mimi nazipisha.

Sasa jasho. Wanaoandika sifa za miwani hii wengi wanakaa kwenye baridi. Huku, wakati wa kaskazi, lenzi zinaingia ukungu kabla hujakunja ngumi. Sponji ya usoni inanyonya jasho na hainyonyi tena ikishajaa. Mwaka 2021 kampuni yenyewe iliiondoa sokoni sponji ya Quest 2 kwa sababu ilikuwa ikiwawasha baadhi ya watu ngozi, ikatoa kifuniko cha silikoni cha kuvalisha juu yake. Silikoni inafutika vizuri, lakini jasho linatelezea humo mpaka linaingia machoni. Nikafanya ninachokijua. Nikachukua taulo kuukuu, nikapima umbo la sponji kwa karatasi, nikakata, nikatia lastiki pembeni. Nimeshona kadhaa, ninazifua kama leso, na kila siku navaa kavu. Kwa anayevaa ushungi, chini ya mkanda vaa kofia ya ndani ya pamba. Ya nailoni inateleza na miwani inashuka puani.

Uzito nao una dawa ya sindano. Gramu zote ziko mbele, basi nimeshona kifuko nyuma ya mkanda nikatia pawabenki ndogo. Kichwa kinasawazika, shingo inapumzika, na chaji inaongezeka. Betri ya ndani pekee hukaa kati ya saa 2 na 3, nami sijawahi kuimaliza kwa zoezi moja. Mwili huisha kwanza.

Feni naiweka mbele yangu, kule mwisho wa msana. Inapunguza ukungu, na pia inanionyesha kibla cha zoezi: upepo ukinipiga shavuni najua nimegeuka kuelekea ukutani. Chini natandika busati dogo na kusimama miguu mitupu. Kidole kikigusa sakafu baridi najua nimetoka katikati. Miwani yenyewe huonyesha ukuta wa mistari ukikaribia mpaka, lakini ngumi iliyokwisha toka hairudi kwa sababu ya mistari.

Kuruka nimejikataza. Nyumba zetu ni za boriti, na aliye chini hapendi vumbi la chokaa kwenye chai yake.

Mama alikuwa na mashaka yake. Mara ya kwanza alinikuta natweta, mikono hewani, nimefunikwa macho.

"Wewe! Wapigana na nani?"

"Na mwanamume mmoja, mama, ana mikono mirefu."

Akanyamaza kidogo. "Haya mpige, lakini usinivundie sahani zangu."

Kesho yake zile sahani za kidaka cha chini hazikuwapo; alizihamishia chumba cha ndani bila kusema neno. Siku hizi huketi mlangoni na tasbihi yake na kuniambia niinue mkono wa kushoto, ingawa haoni ninachokiona. Cha ajabu ni kwamba mara nyingi anapatia.

Wakati wangu ni baada ya alasiri, kabla ya magharibi. Ramadhani nahamia baada ya tarawehe, tena kwa upole. Mwanga ni jambo la kuangalia, kwa sababu kamera za miwani huona chumba kama macho yako, na nyumba yenye kuta nene na madirisha machache huwa na giza mapema. Nimefunga balbu ya nguvu juu ya msana. Umeme ukikatika miwani haizimiki, ina betri yake, lakini inapotea: haijui tena sakafu iko wapi wala mimi nimesimama wapi. Basi, navua, nakwenda kuoga.

Jambo moja nalisisitiza kwa anayeanza: kiwiko. Ngumi ya hewani haina gunia la kuizuia, na ukiinyosha mpaka mwisho kwa nguvu, kiungo ndicho kinachopokea kishindo. Isimamishe mkono ukiwa bado umejikunja kidogo. Na watoto wa jirani watakuja tu. Kampuni inasema mwenye umri chini ya miaka 10 asiivae, nami nimeshikilia hapo hapo, japo nimeitwa bahili.

Imenisaidia? Mabega ndiyo, sana, kuliko nilivyotarajia. Ngazi napanda nikiongea. Uzito wa mwili haujabadilika wa kutajwa, na matangazo yanayosema utayeyusha mafuta ukicheza nayaona ni ya kuuzia miwani, maana sahani ya wali wa nazi haisomi matangazo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Ndondi inanipa zile dakika vizuri. Kazi ya misuli haifanyi, kwa kuwa rimoti ni nyepesi na miguu haibebi kitu. Kwa hiyo nabeba ndoo za maji hadi darini, mkono mmoja kisha mwingine, na kuchuchumaa nikishika nguzo. Wenye moyo au shinikizo la damu wamwone daktari kwanza, maana mchezo hukusahaulisha kwamba umechoka.

Anayeletewa ya mtumba na ndugu, kama mimi, amwambie mwenyewe aiondoe kwenye akaunti yake na kuifuta yote kabla ya kuifunga kwenye sanduku, la sivyo utapokea kitu kinachomtambua mtu aliye Dubai. Uliza kama skrini ina madoa ya kuungua kwa jua. Rimoti za Quest 2 hutumia betri moja ya AA kila moja, na hizo ziko hata dukani kwa Mpemba hapa Langoni. Taulo nitakushonea mimi.