UTI sugu iliyokuwa inafuata hedhi: nilivyopata jibu la maumivu ya tumbo chini ya kitovu

Mwanamke akienda zahanati na maumivu chini ya kitovu, mara nyingi ataondoka na jina moja: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Yakirudi, ni UTI sugu. Yakirudi tena, wanaongeza na taifodi. Mimi nilipewa yote hayo kwa miaka, nikamezeshwa sipro, doksi na flajili, nikachomwa sindano za asubuhi na jioni, na mwezi uliofuata tumbo likarudi palepale.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kile kipimo cha damu cha taifodi, Widal. Kinapima kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona taifodi, kwa hiyo peke yake hakithibitishi kwamba unaumwa sasa. Hakuna aliyeniambia hivyo pale dirishani nikilipia dozi nyingine.

Shangazi yangu alisema ni chango, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Wengine wakasema, "Ukizaa litaisha." Hilo nawaomba mliache kabisa. Ugonjwa niliokuja kukutwa nao unaweza kumfanya mtu ashike mimba kwa shida, na kuzaa si tiba yake.

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu muuguzi. Akaniambia, "Dada, mkojo wako uoteshwe, tena kabla hujagusa antibaotiki yoyote." Kuotesha ni kuuweka mkojo maabara kuona kama kuna bakteria watakaoota. Ni ghali kuliko kile kipimo cha kijiti, na majibu yanachukua siku mbili tatu. Langu likarudi safi, hakuna kilichoota, na tumbo lilikuwa linauma vibaya sana siku hiyohiyo niliyotoa mkojo!

Ndipo nikaanza na kalenda, na hapa najisifu bila haya. Nilitundika ya ukutani nyuma ya mlango wa chumbani na kalamu mbili. Nyekundu kwa siku za hedhi, bluu kwa siku za maumivu, na pembeni herufi ndogo: K kiuno, P mapaja, C kama naumia nikienda choo kubwa, N kama ni tendo la ndoa. Mwezi wa kwanza haukusema kitu. Kufikia wa tatu, bluu ilikuwa inatangulia nyekundu siku mbili kila mara, na herufi C zimejipanga ndani ya nyekundu tupu. Maambukizi ya mkojo hayafuati hedhi kwa uaminifu namna hiyo.

Nikaibandua, nikaikunja, nikaenda nayo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Aliitazama kimya, kisha akasema, "Binti, hii imenieleza kuliko faili lako lote." Utrasaundi ikaonyesha uvimbe wenye damu nzito ya zamani kwenye ovari ya kushoto. Endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi imeota nje ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Na utrasaundi ikiwa safi, haimaanishi huna.

Sasa natumia vidonge vya homoni mfululizo bila kupumzika, alivyoelekeza daktari. Miezi ya mwanzo nilitokwa na matone matone, yakaisha. Ibuprofen naianza mapema, dalili za kwanza tu, nikiwa nimekula. Mwenye vidonda vya tumbo asiiguse bila kumuuliza daktari. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye khanga nayo inasaidia kweli. Vipimo vyote vilikula laki kadhaa.

Lakini hedhi ikichelewa na upande mmoja ukauma huku unasikia kizunguzungu, kimbia hospitali, huenda ni mimba nje ya kizazi. Kuuma kulia chini pamoja na homa na kutapika, huenda ni kidole tumbo. Mnaooga ziwani mkiona damu kwenye mkojo, ulizeni kichocho.

Uvimbe wangu unapimwa kila baada ya miezi kadhaa. Ukikua, daktari amesema tutazungumzia upasuaji wa matundu madogo.