Nilivyowatembeza Wanangu Zhujiajiao, Mji Mkongwe wa Mifereji

Zhujiajiao uko wilaya ya Qingpu, magharibi mwa Shanghai, na tangu treni ya mjini ya njia namba 17 ilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2017, familia inayoishi Shanghai kama yetu inaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila kukodi gari. Kuingia mjini hakulipiwi. Kinacholipiwa ni mashua pamoja na baadhi ya bustani na nyumba za kale. Hilo ndilo lililonifanya niuchague, kwa sababu mzazi aliyekwisha kulipa kiingilio cha watu wanne hushawishika kuwaburura watoto hadi waone kila kitu, ilhali mimi nilitaka tuone machache kwa utulivu.

Hofu yangu kubwa ilikuwa maji. Sehemu nyingi za kingo hazina uzio, na ngazi za mawe ambazo wenyeji walizitumia kufulia na kupandia mashua zinateremka moja kwa moja hadi majini, vidato vya chini vikiwa na utelezi. Kabla hatujatoka kituoni niliwawekea wanangu wawili wakubwa sharti moja: kando ya mfereji mtoto hutembea upande wa nyumba, mimi upande wa maji, na mkono hauachiwi. Mdogo, ambaye hajatimiza miaka miwili, nilimbeba mgongoni kwa kanga. Kigari cha mtoto nilikiacha nyumbani makusudi, maana huko kuvuka mfereji karibu kila mara ni kupanda na kushuka ngazi za daraja.

Tulifika mapema, maduka ya Mtaa wa Kaskazini yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa. Mtaa huo ni mwembamba mno, na makundi ya watalii yakishaingia mtoto hubaki akiona migongo ya watu tu. Tukaenda kwanza kwenye daraja la Fangsheng, lililojengwa mwaka 1571, lenye matao matano na urefu wa mita 70 hivi. Chini yake wanauza samaki wadogo hai katika mifuko ya plastiki iliyojaa maji, kwa ajili ya desturi ya Kibudha ya kuwarudisha viumbe majini, na jina lenyewe la daraja latokana na desturi hiyo. Binti yangu wa miaka sita aliushika mfuko wake kwa mikono miwili, akauinamisha taratibu huku nimemshika kiuno, na samaki wa mwisho alipogoma kutoka akambembeleza kwa Kiswahili mpaka akatoka.

Mashua hulipiwa kwa chombo kizima, si kwa kichwa, kwa hiyo familia hainyonywi. Nilichagua safari fupi, nikahakikisha kila mtoto amevaa jaketi la kuokolea kabla kamba haijafunguliwa. Mpiga kasia husimama nyuma na kasia moja refu ambalo halitoki majini. Hulisukuma na kulivuta kwa kulipinda kidogo kila upande, na chombo kinakwenda mbele bila kishindo. Kijana wangu wa miaka tisa hakuyaondoa macho mikononi mwa yule mzee.

Chakula kinahitaji uangalifu kwa familia ya Kiislamu. Zongzi, yaani wali wa kunata uliofungwa kwa majani na kuchemshwa, unauzwa kila kona, lakini ule unaosifiwa zaidi una nyama ya nguruwe. Niliuliza kwa programu ya kutafsiri ya simu, nikaonyeshwa wa kunazi nyekundu, ila kwa vile aina zote huchemshwa sufuria moja tukala vitafunio tulivyotoka navyo nyumbani na kununua matunda.

Watu wengi waliomba kupiga picha na watoto, wengi wao kwa adabu. Niliwaachia wanangu uamuzi; mmoja akikataa nilitikisa kichwa huku nikitabasamu, na hakuna aliyeshikilia. Naona ni haki ya mtoto kulindwa namna hiyo hata ugenini.

Bustani ya Kezhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1912, tuliipita, kwa kuwa miguu ilikwisha kuchoka. Badala yake tuliingia katika posta ya zama za Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, ambako wakubwa walimwandikia bibi yao wa Tanga kadi, kila mmoja mistari yake, kisha tukarejea kituoni kabla ya saa tisa alasiri, tukapata viti vyote vinne.