Mashine inakohoa, kumbe pampu haina neno

Ijumaa ile nilikuwa Tudor, hapa Mombasa, juu ya jukwaa, usawa wa ghorofa ya pili, naosha ukuta unaotazama bahari kwa mashine ya kurusha maji kwa shinikizo. Masika yalikuwa yamekwisha karibuni na ukuta ulikuwa mweusi kuanzia chini ya madirisha mpaka kwenye msingi. Asubuhi mashine ilifanya kazi bila tatizo. Ilipofika saa tano na nusu hivi ikaanza kukohoa. Maji yatoka kwa nguvu, yalegea, yarudi, yalegea tena, na bunduki ya maji yanirukaruka mkononi kama samaki aliyeshikwa mkia. Injini nayo yafuata: yanguruma, yatulia, yanguruma. Nikamwita kijana ninayefanya naye kazi azime, nikashuka.

Mashine yangu ni ya petroli, nguvu za farasi 6.5. Kibandiko chake kinasema shinikizo la baa 180 na lita 9 za maji kwa dakika. Nilipoinunua, mimi nilisoma ile 180 tu. Ile 9 sikuitia maanani kabisa, na yote niliyopata Tudor yalitokana na hiyo 9.

Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nikabadilisha nozeli, ile ncha inayotoa maji, nikidhani ya zamani imelika. Haikusaidia. Jioni nikaipakia mashine kwenye tuktuk, nikaipeleka kwa fundi Mwembe Tayari. Fundi akaiwasha, akaisikiliza, akaniambia, "Kaka, hii sili zimechoka, na valvu nazo si nzima." Tukakubaliana, akabadilisha sili zote, zile pete za kuzuia maji kuvuja, na valvu sita za ndani. Tulipoijaribu pale pale karakanani ilivuta kama mpya, haikutetereka hata kidogo. Nikalipa, nikashukuru, Jumamosi nikarudi Tudor. Nilipiga ukuta saa nzima nikiwa na furaha, halafu ikakohoa tena.

Nikampigia simu fundi kwa hasira. Akanijibu kwa upole, "Kwangu ulivuta maji wapi, na huko wavuta wapi?" Nikamwambia maji ni maji. Akanyamaza, kisha akaniambia nikatafute mtungi wa lita 20 na saa.

Kwake, pampu ilikuwa inalishwa na pipa lililowekwa juu ya stendi ya chuma, kwa mpira mnene wa urefu wa hatua mbili. Kule Tudor nilikuwa nimefunga mpira mwembamba wa bustani, wa mita kama 25, kwenye bomba la uani. Bomba hilo linashuka kutoka tangi la juu ya paa, tangi lile lile linalowapa maji wapangaji wote wa jengo. Nikauchomoa mpira kwenye mashine, nikautia mdomoni mwa mtungi, nikaanza kuhesabu. Mtungi ulijaa kwa dakika 3 na sekunde 12. Piga hesabu mwenyewe: ni lita 6 na kidogo kwa dakika. Pampu yataka 9. Pampu ya namna hii haina subira. Isipopata maji ya kutosha huvuta kwa nguvu mpaka utupu unajitokeza ndani ya kichwa chake, vipovu vinazuka na kupasuka, na hapo ndipo maji yanatoka kwa vipindi. Ukiendelea hivyo siku nyingi, vipovu hivyo hivyo huila pampu kweli kweli.

Ndipo nikaelewa mambo ya Ijumaa. Saa tano na nusu ndipo nyumba nzima ilipoanza kuoga na kutia udhu kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Kila bomba lililofunguliwa juu lilininyang'anya maji chini. Jumamosi walikuwa wakifua. Mashine ilikuwa inanieleza habari za tangi la watu, nami nikaitibu pampu isiyougua.

Mombasa hili si jambo dogo. Maji yetu yanatoka mbali, Mzima Springs kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na mitaa mingi hupata kwa zamu. Kwa hivyo siku hizi sikubali kazi kabla ya kuuliza maji. Nina tangi la lita 1,000 ambalo nalijaza usiku uliotangulia, au mwenye nyumba analijaza kwa lori la maji. Naliweka juu ya matofali matatu-manne, nafunga mpira wa robo tatu inchi, mfupi, mita tatu basi. Kwa lita 9 kwa dakika tangi hilo linanipa karibu saa mbili za kubonyeza triga bila kuacha. Kazini hakuna anayebonyeza bila kuacha, hivyo kwa ukuta mmoja wa nyumba ya kawaida mara nyingi linatosha.

Hata baada ya tangi, tatizo la Tudor halikuisha mara moja. Kukohoa kulipungua lakini kulibaki kidogo, kama mtu aliyepona mafua akabakiwa na kikohozi cha usiku. Safari hii sikukimbilia karakana. Nilikaa chini, nikautazama mpira kutoka tangini mpaka kwenye pampu. Hakuna tone lililodondoka. Hilo ndilo linalodanganya: upande wa kuvuta, tundu dogo halitoi maji nje, linaingiza hewa ndani. Nikachukua kikombe cha maji ya sabuni, nikamimina polepole kwenye kila kiungo huku injini inakwenda na kijana amebonyeza bunduki. Nilipofika kwenye kiungo cha pampu, sauti ikabadilika. Ikatulia, ikawa moja. Nilipoacha kumimina, ikarudi kukohoa.

Nilikifungua kiungo. Ndani mna mpira mdogo wa duara, bapa, mkubwa kuliko sarafu ya shilingi 20 kidogo. Ulikuwa mgumu kama ganda la kwaju, na upande mmoja una ufa ambao niliuona tu nilipoukunja kwenye jua. Mashine yangu ilikuwa ikilala uani, na jua la huku halisamehe mpira. Nilibadilisha kile kipande, ambacho bei yake haifiki ya chai na mahamri, na kikohozi kikaisha.

Kuna jambo jingine ambalo sasa nalifanya kila siku bila kukosa. Kabla ya kuvuta kamba ya injini nafungua maji, nabonyeza triga, naacha maji yapite kwenye pampu na mpira wote hadi yatoke bila kutema hewa. Ni nusu dakika. Chujio la mlango wa maji nalitoa na kulisuuza, kwa sababu tangi zetu zina mchanga na kutu chini. Na nikiacha triga ili kuhamisha ngazi au kuongea na mwenye nyumba, siiachi injini ikizunguka zaidi ya dakika mbili. Maji yanazunguka humo humo ndani ya pampu, yanapata moto, na sili zinaharibika. Hapo ndipo sili zangu za kwanza zilipoanza kuchoka, naamini hivyo. Fundi hakunidanganya alipoziona, ila hazikuwa sababu ya kukohoa.

Maji ya kisima nayo yalinifunza kwa gharama. Nilipata kazi Nyali, nyumba yenye uwanja mkubwa wa kabro, yale matofali ya kutandika chini, mbele na kisima chake nyuma. Mwenye nyumba akasema nitumie ya kisima, ya bomba ni ya kupikia. Nikayaonja kwa ncha ya ulimi: yana chumvi, lakini si kama ya bahari. Nikajiambia ni siku moja tu. Kazi ilikwenda vizuri. Mashine nikaizima, nikaiweka bila kuisuuza, ikakaa siku nane. Nilipoiwasha tena triga ilikuwa imeganda, nozeli imeziba, na nilipoyatazama mafuta ya pampu kwenye kile kidirisha kidogo, yalikuwa meupe kama tui la nazi. Mafuta ya pampu yakiwa rangi hiyo, maji yameingia. Tulipofungua tukakuta valvu zimeshika ukoko wa chumvi na springi mbili zimelika. Safari hii fundi wa Mwembe Tayari hakuwa na la kukisia.

Na kabro yenyewe ilipokauka ilitoa ukungu mweupe wa chumvi. Nikarudi kuisuuza kwa maji ya lori, kwa gharama yangu, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na haki. Tangu siku hiyo maji ya kisima nayaonja kwanza, na yenye chumvi hayaingii kwenye pampu yangu. Watu wa pale pa kuoshea magari jirani hunicheka nikionja. Kila jioni napitisha maji yasiyo na chumvi dakika tano, namimina yaliyobaki, mashine inalala chini ya kivuli.

Lakini kazi iliyonibadilisha zaidi ni ya Mji wa Kale. Mama mmoja mtu mzima alinipigia akitaka ukuta wa mbele usafishwe kabla ya harusi ya mjukuu wake. Nyumba ni ya zamani, ukuta mnene wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mlango wa nakshi, baraza pande zote mbili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea kahawa kabla sijashusha hata mpira. Nikafunga nozeli ya manjano, ile ya pembe ya digrii 15 niliyozoea kuosha nayo saruji, nikasogea shubiri mbili kutoka ukutani, nikabonyeza.

Kilichotoka si weusi. Ni ukuta. Chokaa kilianguka kwa kipande kimoja cha upana wa sahani, na nyuma yake nikaona jiwe lenyewe, jeupe, lenye vishimo vya matumbawe, na ndani ya kishimo kimoja kombe dogo la bahari zima kabisa. Nikaacha triga hapo hapo. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaja, akaugusa ukuta, vumbi likamshika vidoleni. Akasema, "Mwanangu, huu si saruji. Huu huvuta maji kama mkate. Ukiupiga kwa nguvu wauvunja, ukiunywesha sana waoza ndani."

Nilimwomba radhi, na bado naona uzito wa jambo lile. Ukuta ule umesimama kabla ya babu yangu kuzaliwa, na mimi niliutoboa kwa kubonyeza kidole mara moja.

Nikauliza mafundi chokaa wa mtaa ule wanafanyaje. Jibu lilikuwa moja kwa wote: brashi laini, maji ya kawaida, kuanzia juu kwenda chini, polepole, siku ya jua na upepo ili ukuta ukauke upesi, kisha kupaka chokaa upya. Mashine haina nafasi pale. Inafaa kwenye mawe ya uani, kwenye kabro, kwenye saruji ngumu, na hata hapo nozeli ya manjano ni ya madoa sugu tu. Kuta za saruji zenye rangi naziosha kwa ile nyeupe, ya digrii 40, nikiwa mbali hatua moja nzima, na ile nyekundu inayotoa mshale mmoja wa maji nimeitoa kwenye sanduku kabisa. Mshale huo hupasua ngozi, na maji yakishaingia ndani ya nyama, hata kidonda kikionekana kama tundu la sindano, ni jambo la kukimbilia hospitali saa ile ile. Kijana wangu nilimwonyesha kwa kuukatia papai bichi.

Kuvu ya masika ukiiosha kwa nguvu peke yake unakata majani na kuacha mizizi. Miezi miwili baadaye ukuta umerudi ulivyokuwa. Kwa hiyo kule Tudor, kwenye saruji ile, nilimaliza kazi kwa namna nyingine. Kwanza nililowesha asumini zote zilizopandwa chini ya ukuta, udongo na majani, zishibe maji safi zisinywe dawa. Kisha nikapuliza jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, iliyochanganywa, sehemu moja ya jiki kwa tatu za maji, kwa bomba la mgongoni la wakulima, nikianzia chini kwenda juu ili isifanye michirizi. Robo saa. Weusi ukageuka hudhurungi, hudhurungi ikafifia. Hapo ndipo nikaleta mashine, nozeli nyeupe, tangi langu limejaa, nikasuuza tu, na asumini nikazimwagia tena. Jiki hiyo haikutani na dawa ya choo wala asidi yoyote kwenye ndoo yangu, kwa sababu moshi wake hukaba pumzi. Miwani na glavu navaa, hata jua likiwa kali.

Kwa yule mama nilirudi Jumanne na brashi mbili na ndoo nne. Tuliosha siku mbili, mimi na kijana, bila kuwasha injini. Fundi chokaa aliziba lile shimo na kupaka ukuta wote, na malipo yake niliyatoa mimi. Lile kombe dogo nilimwomba fundi asilitoe. Alilifunika na chokaa likiwa pale pale kwenye kishimo chake, na siku ya harusi wageni waliketi barazani, migongo yao imeegemea ukuta huo.