Chokaa haikusaidia: miezi kumi na minane ya kutafuta ithibati

Oktoba 2017 makamu wa taaluma aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kuanzia leo mtunza ushahidi ni mimi. Nilidhani tumeshtakiwa. Nilikuwa mtu wa takwimu tu katika chuo kidogo cha binafsi jimboni Iowa, Marekani: nahesabu walioingia, waliohitimu, waliopotelea njiani. Kumbe ithibati yetu, yaani uthibitisho kwamba chuo kinafikia viwango vya ubora, ilikuwa inafikia mwaka wa kumi, na wakaguzi wangekuja Aprili 2019.

Mimi nimesoma shule ya msingi wilayani Muheza, Tanzania, na neno ukaguzi kwangu lina harufu ya chokaa. Mkaguzi akitarajiwa Jumatano, Jumatatu tunapaka mawe yote ya njiani. Madaftari ya mwaka mzima yanasahihishwa usiku mmoja, na wenzetu wasiojua kusoma wanaambiwa wana homa, wabaki nyumbani. Basi nilianza kazi nikiwa na ndoo ya chokaa kichwani.

Ndugu zangu nyumbani huniuliza, si serikali ndiyo inakagua? Marekani mambo hayaendi hivyo. Serikali kuu haitoi ithibati kwa chuo. Wanaotoa ni mashirika yasiyo ya serikali, ambayo vyuo vyenyewe ni wanachama, na kwa zaidi ya karne moja yaligawana nchi kwa kanda. Wa New England walianza 1885. Sisi tuko chini ya Higher Learning Commission ya Chicago, iliyotokana na chama cha mwaka 1895, na eneo lake lilikuwa majimbo 19. Serikali inaingia kwa mlango wa pesa: Wizara ya Elimu hulitambua shirika, na mwanafunzi hapati mkopo wala ruzuku ya serikali kuu kama chuo chake hakina ithibati ya shirika linalotambuliwa. Chuo kama chetu, ambacho wanafunzi wengi wanaishi kwa ruzuku hizo, kikinyang'anywa ithibati kitauza madawati.

Tulichotakiwa kuandika ni hoja moja ndefu, mwisho maneno 35,000, kuonyesha kwamba chuo kinatimiza vigezo, ambavyo wakati huo vilikuwa vitano: dhamira, uadilifu, ubora wa ufundishaji, tathmini ya ufundishaji huo, na rasilimali pamoja na mipango. Ukidai jambo, weka karatasi ya kulithibitisha. Karatasi hizo ndizo zilizokuwa mzigo wangu. Mwaka wa kwanza niliumaliza nikifukuzia mihtasari ya vikao: mingine haina tarehe, mingine imo kwenye kompyuta ya mtu aliyestaafu na kuhamia Arizona, mmoja umeandikwa nyuma ya bahasha. Nilijifunza kuyapa mafaili majina yenye mwaka na idara tangu siku ya kwanza. Anayeahirisha hilo atalia baadaye, mimi nililia.

Kisha nikafika kwenye tathmini ya ujifunzaji, yaani chuo kinajuaje kwamba wanafunzi wamejifunza kile kilichoahidi kuwafundisha. Idara moja ilikuwa imeleta ripoti kila mwaka bila kukosa. Nikazisifu moyoni. Nilipoziweka tatu mezani sambamba, nikaona wanafunzi 14 kati ya 17 wamefikia kiwango. Mwaka uliofuata, 14 kati ya 17. Na uliofuata. Hata neno lililokosewa herufi katika aya ya pili lilikuwa limekosewa vilevile mara tatu. Kilichobadilika ni mwaka tu.

Mwenye ripoti alikuwa profesa mzee niliyezoea kula naye chakula cha mchana. Nilimfuata na karatasi zangu. Hakukasirika. Aliniuliza, "Kwani kuna mtu alikuwa anazisoma?" Hakukuwa na mtu. Ofisi yetu ilizipokea, ikagonga muhuri, ikazifungia kabatini.

Rais wa chuo alitaka idara ile tuipite kimya, tuwaonyeshe wakaguzi idara ya uuguzi, ambayo ripoti zake zilikuwa safi. Hapo nikawasimulia habari ya mawe ya Muheza na watoto wenye homa. Makamu wa taaluma alicheka, kisha akaacha kucheka. Jioni ile aliandika mwenyewe aya mbili: tumekagua programu zetu 21, tano hazina tathmini inayofaa kitu, na haya ndiyo tuliyoanza kufanya. Rais alizitazama aya zile wiki nzima kama mtu anayetazama bili ya hospitali, mwishowe akaziacha.

Rasimu ilikuwa na maneno 41,000. Kupunguza 6,000 kulileta ugomvi kuliko yote yaliyotangulia, maana kila mtu alitaka ya mwenzake yakatwe. Sifa za mwanzilishi wa chuo nilizikata mimi, mchana kweupe.

Wakaguzi walikuja watano, Jumatatu na Jumanne. Nao ni walimu na viongozi wa vyuo vingine, wanajua vichaka tunavyojifichia kwa kuwa na wao wanavyo. Walishasoma kila kitu. Mama mmoja, mwalimu wa hisabati, aliniomba nimwonyeshe jambo moja tu lililobadilika kwa sababu ya tathmini. Nilimpa muhtasari wa kikao cha walimu wa uandishi: wanafunzi walikuwa hawajui kutaja vyanzo, kwa hiyo somo la mkutubi likatolewa wiki ya 10 likaletwa wiki ya 3. Muhtasari uleule ulikuwa na mistari minne ya malalamiko kuhusu mashine ya kahawa. Aliusoma mara mbili, akatabasamu penye kahawa, akaandika kitu.

Walikutana na wanafunzi peke yao. Baadaye mcheza mpira mmoja aliniambia waliulizwa, ukipewa alama usizozielewa unakwenda kwa nani? Yeye akajibu, kwa kocha. Hatukuwa tumemfundisha cha kusema, na sijutii.

Rasimu ya ripoti yao ililetwa kwetu tusahihishe makosa ya ukweli tu, si maoni. Tulisahihisha saa za maktaba. Kigezo cha nne kilipewa hukumu ya "kimetimizwa, kwa mashaka", tukadaiwa ripoti ya ziada baada ya miaka miwili. Ithibati ikaongezwa miaka kumi. Wapo walionuna kwa hayo mashaka. Mimi niliona wametupima sawasawa.

Julai 2020 wizara ilifuta tofauti ya mashirika ya kanda na ya kitaifa katika kanuni zake, ingawa vyuo bado vinajivunia neno "kanda". Mzazi akinipigia kutoka Dar kuuliza kuhusu chuo alichokiona mtoto mtandaoni, namwambia aanze na orodha ya wizara ya Marekani, au ya CHEA, baraza lisilo la serikali linalotambua mashirika ya ithibati, na aangalie shirika lenyewe kama linatambuliwa, kwa sababu yako mashirika ya ithibati ya bandia. Mtoto akirudi na cheti, TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, nao watataka kujua.

Ripoti ya ziada tuliipeleka 2021. Profesa mzee alileta ya kwake kwa mkono, siku tatu kabla ya tarehe. Waliofikia kiwango: 11 kati ya 19. Wale wanane aliwaandikia ukurasa mzima.