Upepo wa nyuma ulivyonidanganya nje ya Shela

Mara ya kwanza kupinduka nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kosa lilikuwa fundo moja tu. Niliifunga kamba ya demani, ile inayoshika pembe ya chini ya tanga, nipate mkono wa kuwasha sigara. Upepo wa ghafla ukateremka kutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, mashua ikalala ubavu, na kabla sijalifikia lile fundo tanga lilikuwa limeshalala majini. Kamba iliyolowa ikavutwa kwa nguvu haifunguki kwa kucha. Tuliokotwa na boti ya mashine karibu na Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, sigara bado iko mdomoni, imelowa chepechepe.

Ami hakunigombeza. Aliniambia tu, "Demani haifungwi, mwanangu. Izungushe mara moja, mwisho wake ukae mkononi." Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya, hata upepo ukiwa wa kupepea shuka. Upepo wa ghafla ukija, unalegeza, tanga linamwaga upepo, mashua inainuka, unavuta tena. Nikadhani basi, upepo mkali nimeshaujua.

Kusi, upepo wa kusini, huanza Aprili likaendelea hadi Septemba, lakini kusi lenyewe ni la Juni mpaka Agosti. Idara ya hali ya hewa ikitoa tahadhari ya upepo unaopita noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, aliyekaa barazani haoni la kutisha. Baharini hesabu ni nyingine, kwa sababu nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo wake. Upepo wa noti 20 hulisukuma tanga mara 4 kuliko ule wa noti 10, na wa noti 30 mara 9. Tanga ni lile lile ulilotweka alfajiri ukiwa unasinzia. Na tanga langu la foromali, lililofungwa kwenye mti wa juu, halina namna ya kukunjwa nusu: ukitaka dogo, ulibebe dogo. Vijana wengi huliacha nyumbani kwa kuona haya. Mimi nilikuwa nalibeba kwa sababu ami alikuwa akichungulia ndani ya mashua kabla sijatoka, kama askari wa forodha.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Julai, mwezi mchanga, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi watu watatu: mimi kwenye kana, mpini wa usukani, binamu yangu kwenye demani, na kijana mmoja wa kufua maji, yaani kuyatoa mashuani. Maji yalikuwa yakipwa, yakatutoa yenyewe nje ya mlango wa bahari wa kuingilia Lamu. Kusi lilikuwa jepesi. Tukavua kidogo, hakukuwa na cha maana.

Saa nne bahari ikabadilika rangi upande wa kusini. Tukageuza kurudi, upepo ukawa nyuma yetu, na hapo ndipo nilipodanganyika. Ukienda na upepo hausikii ukali wake. Mashua inaukimbia, kwa hiyo unaokufikia shingoni ni ule uliobaki tu. Jua linawaka, tanga limejaa, chombo kinaruka, binamu anaimba. Nilitazama nyuma kwa bahati tu, nikaona wimbi lililoinuka juu kuliko tezi yetu, nyuma ya chombo, na kilele chake cheupe kimekatwa na upepo kama povu la maziwa. Nikamwambia binamu alegeze demani. Akalegeza. Hakuna kilichobadilika! Upepo wa nyuma hauna pa kumwagika. Tanga likitoka nje zaidi linazidi kuushika.

Mbele yetu mlango ulikuwa mweupe. Maji yalikuwa bado yanapwa, yanatoka kwa kasi kukutana na kusi linaloingia, na vikikutana hivyo wimbi husimama wima, fupi, linavunjika. Upepo huo huo, maji yakiwa yanajaa, mawimbi hurefuka na kulala. Kupwa kwenyewe kulibakiza kama saa moja.

Binamu alitaka tupite. "Tuko karibu, tunauona msikiti!" Kweli tulikuwa tunauona. Nikasema hapana. Sitaki kujifanya shujaa: nilikataa kwa sababu niliogopa, na nilitaka kuogopa mahali penye nafasi.

Kazi ngumu ilikuwa kuligeuza gubeti, pua ya mashua. Nilingoja mawimbi makubwa matatu yapite, nikaivuta mashua taratibu ije ubavu kwa upepo, na ule upepo niliokuwa siusikii ukanipiga usoni kama mlango uliofunguliwa. "Tua! Tua tanga!" Henza, kamba ya kutwekea, ikaachiwa, foromali ikashuka nusu ndani, nusu majini. Tulilifungua tanga kubwa tukiwa tumelilalia ili lisiruke, tukafunga dogo. Muda huo wote kijana anafua maji kwa dumu la lita 5 lililokatwa, na viroba vya mchanga vya farumi, uzito wa kutulizia chombo, tunavisogeza kwa miguu upande wa goshini, unakotoka upepo.

Kwa tanga dogo tukaanza kwenda na kurudi mbele ya mlango, upepo ukiwa wa ubavu. Kila tulipotaka kupindua, yaani kulihamishia tanga upande wa pili, tulitua tanga kwanza, tukaizungusha foromali mbele ya mlingoti kwa mikono, ndipo tukatweka tena. Ni uchovu, na ukitazamwa kutoka pwani unaonekana mwanafunzi. Lakini kupindua na tanga juu katika upepo ule ni kuiachia foromali ichague kichwa cha nani.

Saa tano na nusu hivi weupe wa mlangoni ukaanza kupungua. Tukangoja bado kidogo. Tulipoingia, watu wote waliketi tezi ili omo, mbele ya mashua, isizame, na nyuma niliburuta kamba ndefu yenye kiroba kimoja mwishoni, ituzuie tusiteleze mbele ya wimbi na kugeuka ubavu. Sikuuacha upepo uwe nyuma kabisa. Niliuweka begani, bega la kulia, maana ukipita upande wa pili bila kutaka, tanga linajipindua lenyewe. Mikono ilikuwa inatetemeka kwenye kana. Wimbi moja lilituingilia. Baada ya Ras Kitau maji yakalala ghafla, nikasikia tena sauti ya punda kutoka Shela.

Ami alikuwa bandarini Lamu. Alitazama tanga dogo, akatazama samaki, changu wanne, akacheka kwa pua. Kisha akaishika kamba ya demani, akaipitisha vidoleni mpaka alipofika mahali palipochakaa nyuzi mbili. Akatoa kisu, akaikata pale pale, akaniambia kesho ninunue nyingine kabla sijanywa chai.